Goti la Gaudencia

Malaba,
9 Februari 1997

Baba mpendwa,

Mulembe. Pokea salamu zangu na za bwana yangu Callistus. Huku sisi ni wazima, isipokuwa vumbi la malori limetupa kikohozi. Foleni ya kuvuka kwenda Uganda siku hizi inafika hadi karibu na geti letu, na madereva wanapika chai kando ya barabara kama watu waliohamia. Je, kifua chako kikoje? Kuku wa marehemu mama bado wanataga? Nasikia mvua imechelewa huko Marachi. Huku pia tunaitazamia.

Baba, nimekaa na neno hili tangu Krismasi nikiona haya kuliandika. Ni goti langu la kulia. Unakumbuka nilipokuwa nikicheza netiboli shuleni lilikuwa likiniuma nikifika nyumbani, nawe ukiniambia nilikande kwa maji ya chumvi. Lilipona, au nilidhani limepona. Tangu niolewe limerudi. Nikitembea mahali palipo sawa halinisumbui sana. Nikishuka mteremko wa kwenda mtoni linauma. Lakini nikipiga magoti, Baba, ni kama mtu amenipigilia msumari nyuma ya kile kifuniko cha goti.

Na hapa nilipoolewa watu hupiga magoti. Wateso unawajua. Ukimsalimia mama mkwe, unapiga magoti. Ukimpelekea mgeni maji ya kunawa, unapiga magoti. Wakija ndugu za marehemu baba mkwe kunywa pombe yao ya ajono, unapiga magoti kwa kila mmoja wao, na wakishashika ile mirija yao mirefu hawana haraka ya kuitikia salamu. Mwanzoni nilivumilia. Sasa nashuka nusu tu, naishia kuinama, na kuinuka lazima nishike ukuta. Mama mkwe wangu, Mama Anyait, ameona. Hakuniuliza. Aliwaambia majirani, nami niko pale pale naosha masufuria, kwamba mtoto wake ameoa mkuu wa wilaya.

Nilienda hospitali nikapigwa eksrei. Daktari aliishika picha kwenye mwanga akasema mifupa yangu ni mizuri kuliko yake, akanipa dawa ya maumivu. Callistus alimwambia mama yake kwa furaha kwamba sina ugonjwa. Alidhani ananisaidia. Mama akajibu, "Kama mfupa ni mzima, basi kinachouma ni heshima." Tangu siku hiyo Callistus akinitetea sauti yake haina nguvu.

Naomba uwaandikie, au ukipata nafasi uje uwaambie kwamba mtoto wako hakulelewa na kiburi. Wewe ni katekista, neno lako watalisikia.

Ni mimi binti yako,
Gaudencia


Butula,
2 Machi 1997

Kwa binti yangu Gaudencia,

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako. Mimi nipo, kifua kimetulia kwa sababu ya jua hili. Kuku wanataga, ila mwewe amewapunguza.

Barua yako haikuwa ya kwanza kunifikishia habari. Kabla yake, mama mmoja anayeuza omena hapa sokoni, ambaye hufika Malaba kununua mahindi, alinisimamisha nikitoka kanisani akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli binti wa katekista amekataa kuwasalimia wakwe zake. Nilisema nitauliza. Nikaondoka nikisukuma baiskeli, sikukumbuka hata kuipanda.

Hiyo habari ya eksrei nimeisoma. Binti yangu, mashine haina shangazi wala mjomba. Ikisema mfupa ni mzima, ni mzima. Wewe uliruka uwanjani kama swala. Goti lililoruka vile linashindwaje kugusa udongo? Hata hapa kwetu mama yako alimpigia mama yangu magoti mpaka siku tulipomzika bibi yako, na wakati huo alikuwa na mimba yako. Sisemi unadanganya. Nasema mtu akilichukia jambo moyoni, mwili humtafutia sababu.

Tangu mama yako atuache nimekulea peke yangu, nikijua siku moja watu watatafuta mahali nilipokosea. Sasa wamepapata. Nikisimama kusoma somo Jumapili naona macho yao.

Nitakuja kabla ya Pasaka. Tutaenda pamoja mbele ya mama mkwe wako tuyamalize. Jitayarishe.

Ni mimi baba yako mzazi,
Paulinus


Malaba,
20 Aprili 1997

Baba,

Salamu. Natumaini ulifika salama siku ile na baiskeli haikukusumbua. Sisi tupo.

Uliniomba nikuandikie kwamba yote yamekuwa mazuri, kwa hivyo naandika. Mama Anyait ananiongelesha sasa. Anawaambia watu kwamba katekista wa Butula ni mtu wa kweli, alikuja na kumpigisha binti yake magoti uani, majirani wakiona, na akasema kwa kinywa chake, "Mtoto huyu alikuwa na kiburi, leo nimekiondoa." Maneno hayo hata watoto wanayaimba wakienda kisimani.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nilipofika nusu nikasita, ukaniwekea mkono begani ukasukuma. Hukusukuma kwa nguvu. Lakini goti lilifika chini kabla sijalitayarisha, na pale uani kuna kokoto ambazo Callistus aliziokota kando ya reli ili tusikanyage matope. Nililia. Ukawaambia hayo ni machozi ya toba, na Mama Anyait akasema amina.

Baba, hayakuwa ya toba.

Goti limevimba tangu siku hiyo. Navaa sketi ndefu. Sitaki tuandikiane tena juu yake.

Binti yako,
Gaudencia


Butula,
15 Juni 1997

Kwa binti yangu Gaudencia,

Amani kwako. Hapa tumepanda maharagwe na yameota vizuri. Mimi ni mzima. Wewe na bwana yako mnaendeleaje?

Umeandika kwa uchungu nami nimeupokea. Dawa chungu ndiyo hutibu. Uvimbe utashuka, nakutumia dawa ya kuchua kwa mkono wa jirani yetu anayekuja huko na nguo za mitumba. Mama mkwe wako alinitumia simsim mfuko mzima, na maneno mazuri ya shukrani. Nimewagawia jumuiya. Yule mama wa omena alikuwepo, na nilihakikisha amepata.

Sasa naweza kupita sokoni. Usinione mkali. Aibu ya mtoto humvaa mzazi, naye hana pa kuivulia.

Niandikie.

Baba yako,
Paulinus


Nairobi,
16 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Mulembe. Najua umekaa muda mrefu bila barua yangu. Usishtuke kuona nimeandika Nairobi. Nipo Kawangware kwa binamu yangu Sheilah, mtoto wa shangazi, na narudi Malaba wiki hii. Sheilah anakusalimu sana. Je, mvua hizi zimekuachia kitu shambani? Kifua chako je?

Nilisema sitaandika tena juu ya goti, lakini haya ni lazima uyajue kutoka kwangu na si sokoni.

Mwezi wa tisa nilienda hospitali ya misheni, na siku hiyo alikuwepo daktari wa mifupa anayetoka Nairobi, Daktari Obura. Nilienda nimejiandaa kuambiwa mimi ni mzima. Hakuanza na eksrei. Aliweka kiganja juu ya goti akaniambia nikunje na kunyoosha, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Akaniambia nichuchumae. Nikashindwa. Akaniuliza, "Waliokuambia huna kitu ni akina nani?" Nikamwonyesha ile picha.

Baba, alinieleza hivi. Eksrei huona mfupa. Lakini mwisho wa kila mfupa, pale unapokutana na mwenzake, umevikwa kitu laini na kigumu kwa pamoja, kama kile cheupe kinachoteleza kwenye mguu wa kuku. Kinaitwa gegedu. Hilo eksrei hailioni. Gegedu linaweza kulika pole pole miaka na miaka na picha ikatoka safi, mpaka siku mifupa yenyewe imekaribiana ndipo eksrei inasema kuna shida. "Na siku hiyo," alisema, "sisi tunakuwa tumechelewa."

Kuna mashine nyingine Nairobi, wanaiita MRI, inayotumia sumaku. Daktari anatafuta watu wa umri wangu wanaoumwa na eksrei zao hazina kitu, apige picha magoti yao ajue ugonjwa huu unaanzaje. Hatulipi. Aliniuliza kama niko tayari. Callistus alikubali niende, ila aliona haya kumwambia mama yake kwamba mke wake mgeni anatafutiwa ugonjwa kwa sumaku. Alimwambia Sheilah amejifungua na nimeenda kumsaidia. Sheilah hana hata mimba.

Siku ya picha walinivua kila kitu chenye chuma. Hereni, pini za nywele, hata pete ya ndoa. Nilimpa Sheilah pete aishike, nikalala pale na gauni la hospitali lililo wazi nyuma, bila pete, kama mtu asiye wa mtu. Wakanifunga goti lisitikisike wakaniingiza miguu kwanza. Mashine ile inagonga, Baba. Inagonga kama mabehewa yanapofungwa stesheni ya Malaba, inanyamaza, inaanza tena kwa sauti nyingine. Walinikataza kusogea. Nilitaka kulia nikaogopa machozi yatanitikisa.

Baadaye Daktari Obura alinionyesha. Goti langu limekatwa picha picha kama mkate, bila kisu. Aliniambia sumaku hutambua maji yaliyo ndani ya mwili, na gegedu limejaa maji, ndiyo maana linaonekana. Mahali lilipo zima ni utepe wa rangi moja. Nyuma ya kifuniko cha goti, pale ninapousikia ule msumari, kuna doa linalong'aa na juu yake pamekwaruzika. Limelainika na limeanza kuchanika. Alisema ni kama kiatu ambacho juu bado kinang'aa na soli imeanza kulika upande mmoja. Haliwezi kuota upya. Lakini kwa sababu limeonekana mapema, naweza kulitunza: nisibebe mizigo mizito mlimani, nisichuchumae, nifanye mazoezi ya paja aliyonionyesha, na nisipige magoti.

Aliniuliza ninafanya kazi gani inayonipigisha magoti hivyo. Ninapiga deki? Ninapalilia? Nikasema, "Nasalimia." Kijana wa mashine alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

Jambo la mwisho. Daktari aliona pia ndani ya mfupa alama iliyofifia, kama ya kugongwa kwa nguvu miezi iliyopita. Aliniuliza kama nilianguka. Nikasema ndiyo, nilianguka uani, kwenye kokoto. Nakuambia ili ujue nilivyosema, usije ukasema tofauti mkikutana.

Ni mimi binti yako,
Gaudencia


Malaba,
25 Januari 1998

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mvua hii wanayoiita El Nino bado haijatuacha. Nasikia Budalang'i watu wanalala juu ya tuta na ng'ombe wao, Mto Nzoia umewafukuza majumbani. Nilijiambia labda ni maji yaliyozuia jibu lako. Lakini jana jirani yetu alipata barua kutoka Butula, kavu kabisa. Je, unaumwa? Kama ni kifua tafadhali mtu aniandikie.

Huku mambo hayajatulia. Nilirudi na picha zile kubwa nyeusi nikamwonyesha Mama Anyait. Alizishika kwenye mwanga wa jua kwa muda mrefu. Nilidhani ananielewa. Akasema, "Naona giza," akanirudishia. Kisha akauliza mtoto wa Sheilah ameitwa nani. Mimi na Callistus tulitazamana. Hapo ndipo uongo wetu uliisha.

Baba, ule uongo umeniumiza kuliko goti. Mzee Ochom, mdogo wake marehemu baba mkwe, sasa ndiye mkubwa wa boma hili. Anasema mwanamke akienda Nairobi kwa uongo, kilichompeleka kinajulikana, na si goti. Callistus aliwaambia ni yeye aliyedanganya. Wakasema mke ndiye aliyemfundisha. Siku hizi akitoka kazini mpakani, anakoshughulikia makaratasi ya mizigo, anakaa na madereva wa malori mpaka chakula kipoe.

Mimi nasalimia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kama daktari alivyosema. Nilifikiri mtu akiwa na picha ya kweli mkononi aibu inamtoka. Haitoki. Wageni wakiingia na kunikuta nimekaa, naona wanavyonyamaza. Juzi nilimwona mke wa Mzee Ochom akipiga magoti karibu yangu, akanitazama kutoka chini, na mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Mzee Ochom ameitisha kikao baada ya Pasaka. Anataka uje. Anasema wewe ndiye uliyewathibitishia kwamba nina kiburi, kwa hivyo wewe ndiye utakayesema kama nitapiga magoti au nitarudi nawe Butula.

Nijibu, Baba. Hata mistari miwili.

Binti yako,
Gaudencia


Butula,
1 Machi 1998

Gaudencia mwanangu,

Amani. Siumwi. Barua yako ya Nairobi ilinifikia kabla ya Krismasi. Si mvua iliyonizuia.

Niliisoma mara nyingi, na kila nikifika pale daktari alipokuuliza kama ulianguka, nashindwa kuendelea. Hukuanguka, Gaudencia. Mimi nilikuangusha. Na wewe ukamwambia daktari uongo ili mtu asiyenijua asinidharau.

Nilianza kukujibu nikaona naandika kama katekista. Nikachana. Nikaanza tena nikaona najitetea kwamba eksrei ilisema mfupa ni mzima. Hilo ni kweli, ilisema. Lakini wewe pia ulisema, na mimi niliiamini karatasi kuliko mtoto niliyemlea kwa mikono yangu. Ulilia mbele yangu nikawatafsiria watu machozi yako, na sikuwa nimekuuliza ni ya nini.

Nilimwomba padre anipumzishe kuongoza ibada. Aliuliza sababu, nikasema kifua. Na mimi nimedanganya, unaona. Ukweli ni kwamba watu wakipiga magoti kanisani, ile sauti ya wote kushuka kwa pamoja, mimi nasikia kokoto.

Baba yangu sikuwahi kumsikia akimwomba mtoto msamaha, kwa hivyo sina maneno ya kuazima. Natumia haya niliyo nayo. Nilikukosea.

Nitakuja kwenye kikao. Nilikuaibisha mchana mbele ya watu, na mimi nitasema mchana mbele ya watu hao hao. Kama watakukataa baada ya hapo, nyumba hii ni yako. Nimekwisha kupaka udongo chumba chako.

Baba yako,
Paulinus


Malaba,
14 Juni 1998

Baba yangu mpendwa,

Mulembe muno. Natumaini umefika katikati ya mwaka ukiwa na nguvu, na padre amekurudishia kitabu cha masomo. Sisi ni wazima. Callistus anakusalimu, na safari hii ameniambia mwenyewe niandike, sikumtungia.

Siku ya kikao uliondoka bila kula, ukakataa hata maji, nikajua unadhani umeshindwa. Kwa sababu hujarudi kuona kilichofuata, nakuandikia.

Kwanza nikuambie nilivyoona mimi. Niliketi na wanawake ukutani. Uliposimama na kusema, "Mwaka jana nilisimama hapa nikasema mtoto huyu ana kiburi. Hakuwa na kiburi, alikuwa na maumivu. Niliyesema uongo mbele yenu ni mimi," sikuweza kukutazama usoni, nilitazama viatu vyako. Ulikuwa umevipaka rangi. Mzee Ochom alipokuuliza kwa ule upole wake kama katekista hubadilisha hata Injili kila mwaka, na watu wakacheka, nilitaka ukae chini yaishe. Hukukaa. Ulingoja wamalize kucheka, ukainua picha ukawaeleza habari ya gegedu, pole pole, na ule mfano wa kuku ukautumia vizuri kuliko daktari.

Halafu Mama Anyait akasema yale maneno yaliyovunja kikao. "Mnadhani mimi magoti yangu ni ya chuma? Yananiuma tangu nilipomzaa Callistus. Nimewapigia magoti nyinyi wote mlioketi hapa. Nani alinipeleka Nairobi?" Ulitazama chini, Mzee Ochom akatazama chini, Callistus naye. Kikao kikaisha bila mtu kusema kimeisha, na wewe ukachukua baiskeli yako.

Baba, nimeishi naye karibu miaka miwili sikuwahi kuona. Nilikuwa naangalia goti langu tu. Baada ya siku hiyo nikaanza kuona anavyoshika mlango akitaka kuinuka, anavyotuma watoto vitu vya karibu. Nilijua anavyoshika, maana ndivyo ninavyoshika mimi.

Hatukusemezana wiki kadhaa. Kisha siku moja tulikuwa tunapepeta simsim, akasema bila kunitazama, "Huyo daktari wako. Na mimi nipeleke."

Tulienda mimi, yeye na Callistus, siku ambayo Daktari Obura alikuwa misheni. Mama alivaa gauni lake la gomesi la harusini. Njiani aliniuliza kama ni kweli wanavua pete, kwa sababu yake haitoki kidoleni. Alikuwa amejitayarisha kwa sumaku, Baba. Daktari alimpima, akaagiza eksrei ya kawaida pale pale misheni. Ikatoka. Hata mimi niliona. Mfupa umekalia mfupa, magoti yote mawili, na pembeni umeota vijiti vijiti. Daktari alisema hana haja ya kwenda Nairobi, sumaku ni ya kutafuta gegedu linaloanza kuharibika, na kwa mama hakuna tena gegedu la kutafuta. Alisema kwa heshima. Mimi niliyekuwa natafsiri kwa Kiteso changu kibovu sikujua niseme vipi. Nikasema, "Shida yako inaonekana hata bila sumaku."

Akaniambia nimuulize daktari, kama angekuja wakati ule, Callistus akiwa mtoto mchanga, angeonekana?

Daktari alisema wakati ule mashine hiyo haikuwepo nchini. Nikamtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, akaomba fimbo ambayo daktari aliagiza apewe, akataka twende nyumbani. Njiani alikuwa mtu wa kufikiria mbali. Callistus alilia, akigeuza uso dirishani kama anayetazama malori.

Sasa nikuambie la wiki iliyopita, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mzee Ochom alikuja na wageni wawili kutoka ng'ambo, Tororo. Nilikuwa kwenye kigoda changu. Mama Anyait alitoka jikoni na fimbo yake. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Mama, kaa hapa nami." Nikasogea. Alinitazama kama mtu aliyetajiwa nchi ambayo amechelewa kuhamia. Akaweka fimbo ukutani, akashuka, goti moja, halafu la pili, nikasikia yakilia, akawasalimia wageni wote mpaka mwisho.

Na mimi nimekaa. Mwanamke mzima yuko chini, mimi mtoto niko juu. Sijawahi kuona aibu kama ile, Baba, hata siku ya kokoto. Mwili wangu wote ulitaka kushuka. Mmoja wa wageni akanitazama, akafungua mdomo. Kabla hajasema, Mama Anyait akamwambia kutoka pale chini, "Huyu amekatazwa na daktari. Lake bado linaweza kupona."

Mzee Ochom alivuta kiti akakaa.

Mama Anyait alipotaka kuinuka hakuitafuta fimbo. Aliunyoosha mkono kwangu, nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikamvuta.

Ni mimi binti yako,
Gaudencia